Kufuli Ilipata Haki

Benchi la Mama Mwanvua hapa Kasongo lilivunjika mguu zamani, sasa linashikiliwa na tofali. Juu yake tunakunywa kahawa ya tangawizi na kutengeneza nchi kila asubuhi. Juzi redio ilisema depite, mbunge wetu, anakusanya maoni ili anayemnajisi maiti aadhibiwe kwa kosa hilo lenyewe. Kisa tulikijua: mtu alivunja kufuli ya chumba cha maiti, akamnajisi marehemu Odile, mke wa mkulima wa kule Wamaza. Korti ilimfunga kwa ajili ya kufuli tu. Kosa lile lingine, walisema, haliko katika sheria. Mimi mpaka leo nina hasira.

— Sheria iandikwe leo leo! akasema Avoka, muuza sabuni tunayemwita hivyo, yaani wakili, ingawa hajawahi kuvaa joho. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Methali ile inakukatalia wewe mwenyewe, Avoka, nikamwambia.

— Inakatalia depite kuchelewa!

Gidon, mwenye pikipiki ya njia ya Salamabila, akadakia:

— Mie naona wafu wapewe karte ya kura. Utaona depite anakimbia kuwatetea.

— Wapewe na kiti bungeni! akasema Avoka.

— Kule wanaolala wako wengi. Nani atajua tofauti?

Tukacheka. Hapo akashuka mgeni kwenye pikipiki, vumbi hadi nyusi, kuku kwapani. Alikuwa Gérard, mume wa Odile. Tuliona aibu sana.

— Mama Mwanvua, pokea hii kuku. Haiko malipo. Nilikuja kusema aksanti.

— Aksanti ya nini, baba?

— Ile siku, kisha ule mutu kumuharibu, ndugu zetu wenyewe waliogopa kumugusa. Wewe Mwislamu, yeye Mukristu, ukamuosha mara ya pili. Nilikuwa kwa mulango, nikasikia unamuambia: "Odile, geuka kidogo, mama, nikuoshe mugongo."

— Ni vile tunaoshaka watu, baba.

— Ulinirudishia bibi yangu. Mungu akuzidishie.

Mwanvua akapokea kuku, akajifuta macho kwa kitenge. Nilimshukuru Mungu kwamba mwanamke huyu ni jirani yangu.

Avoka, akitaka kumfariji mgeni, akamweleza habari za depite na sheria mpya. Gérard akasikiliza mpaka mwisho, akatushukuru hata sisi wacheshi. Kisha akauliza:

— Kortini nilikaa siku muzima. Walitaja kufuli, walitaja mulango, walitaja mwenye nyumba. Na hii sheria mupya, watamutaja Odile?

Avoka akaanza kupanga upya sabuni zake. Gidon akatazama pikipiki yake. Gérard alikuwa ameuliza kwa adabu kabisa, na kwa adabu akaendelea kungoja.