Chumba cha Bure Torino

Ndani ya tramu ya jiji la Torino, Italia, Nunzia, mshonaji aliyetoka mji wa Bari kutembea siku chache, alimuuliza bibi aliyeketi kando yake wapi angepata malazi nafuu.

"Kwangu," alijibu yule bibi, Piera. "Bure."

Nunzia aliukumbatia mkoba wake. "Mama, cha bure si huwa ghali?"

"Ningekuwa mwizi ningevaa viatu hivi?"

"Wezi nao huvaa vibovu, mama."

Piera alicheka, kisha akavitazama viatu vyake. "Tangu nimzike mume wangu, bado napika cha watu wawili. Namwaga."

Huenda ni kweli, Nunzia aliwaza. Huenda ndivyo anavyowaambia wageni wote. Tramu ikasimama. Piera akashuka polepole bila kugeuka nyuma. Mlango ukaanza kujifunga, na Nunzia akajikuta ameuzuia kwa mguu.