Watu Wanane Kwenye Boriti

Kijiwe cha nyuma ya gereji, pale Ushirombo, kilikuwa benchi moja la mbao na birika la kahawa la mzee Pantaleo, na asubuhi ile ya mwaka sabini na nane kilijaa mapema. Silvesta, fundi wa kuchomelea, alikuwa amemaliza winchi yake: miguu ya mabomba iliyopanuliwa huku na huku, boriti ya chuma juu, magurudumu chini ili isukumwe mpaka penye kazi. Mchana ingeinua injini ya lori la pamba, na Maige, makanika, angeingia chini yake kufungua nati za mwisho. Silvesta hakuwa amelala vizuri. Lakini angesema nini, na mji mzima ulishamwita injinia?

Wenzake walimmwagia sifa. Otmar, waliyemwita Kilo Mia kwa tumbo lake, alidai chuma kilichochomelewa asubuhi hukomaa kuliko cha jioni. Pantaleo akasema siri ni magurudumu, kwa kuwa kitu kinachotembea hakielemewi, tazama ng'ombe. Otmar hakukubali kushindwa. Winchi ile, alisema, ingebeba kanisa la misheni na mapadri wakiwa ndani. Silvesta alicheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha midomo tu.

— Jana tuliipima, alisema Otmar. Injini haizidi uzito wa watu wanane. Tukaning'inia wanane, mimi nikiwemo. Hata kuguna haikuguna.

Na ni kweli walining'inia, wamejipanga kutoka mguu mmoja wa winchi hadi wa pili, wakichezesha miguu hewani, watu wazima na ndevu zao.

Ndipo akafika Salvina, mke wa Maige, amemletea mumewe uji.

— Shikamooni.

— Marahaba, mayu, aliitikia Pantaleo, akimwita mama kwa lugha ya kwao. Karibu kahawa.

Hakukaa. Aliitazama boriti mwanzo hadi mwisho, akauliza kama jana walining'inia wote mahali pamoja. Otmar akamjibu kwa upole kwamba haiwezekani, kila mtu alishika nafasi yake.

— Na injini je, mtaigawa vipande vinane?

Pantaleo akafungua mfuniko wa birika, akachungulia ndani muda mrefu. Mnyororo wa kuinulia injini ungefungwa katikati ya boriti, mahali pamoja, na uzito wote ungekaa hapo. Usiku kucha Silvesta alikuwa analizunguka jambo hilo bila kuthubutu kulishika.

Akasimama, aibu imemjaa usoni.

— Twendeni basi. Wote wanane mkamate mnyororo pale katikati. Mimi nitalala chini.

Hakuna aliyeinuka benchini. Silvesta akawatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia Salvina, akamwambia taratibu kwamba Maige leo haingii chini ya kitu chochote.