Fundo la Bundi

Kijiwe hiki kina benchi la miguu mitatu na tofali, birika la kahawa, na ukweli wa kila aina isipokuwa uliothibitishwa. Benchi limeegemea ukuta wa kinyozi, hatua mbili kutoka cherehani ya Fundi Pindo, ambaye hushona huku akisikiliza. Kwa kawaida hasemi kitu. Watu wazima wakidanganyana mchana kweupe, kwake kuwakatiza ni kuwaharibia mazoezi. Ila alasiri moja ni yeye aliyeanzisha mazungumzo. Asubuhi mama yake alikuwa ameweka kikombe chini na kumwuliza, “Miaka kumi na minane, mwanangu. Kaka yako nimwombee kama msafiri au kama marehemu?”

Kaka yake alikuwa Bundi. Hapo kijiweni hilo halikuhitaji maelezo. Wote walikikumbuka kipindi cha Ulingo wa Ijumaa, mieleka ya kituo kidogo cha televisheni, iliyorekodiwa kwenye ghala la magunia, mashabiki wamekalia kreti za soda. Bundi alipigana amevaa barakoa ya manyoya. Siku ya mwisho kuliwekwa sharti: atakayeangushwa, avuliwe. Akaangushwa, akavuliwa, na nyumbani hakurudi. Kipindi nacho hakikuonyeshwa tena.

– Mlimwona akivuliwa? Fundi aliuliza.

– Kwa macho haya, alisema Breki, dereva mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kuwa maneno yake hayana. Kreti ya pili kutoka ulingoni. Aibu ndiyo iliyomtorosha, dada. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

– Na uso je?

– Uso ndiyo kabisa.

Kinyozi alimpuuza. Kwake yeye Bundi hakutoroka. Walikuwa wawili, pacha, mmoja akipigana na mwingine akipumzika, na aliyevuliwa hakuwa yule aliyeingia. Fundi alimkumbusha kwamba mama yake angejua kama alizaa wawili. Kinyozi alijibu kwamba kuzaa si kazi, kazi kulea, akakung'uta taulo kama aliyeshinda kesi.

Ndipo Mama Birika, aliyekuwa akimimina kahawa, akasema polepole kwamba Bundi hajatoka ghalani. Wapakia magunia husikia sakafu ikipigwa kofi mara tatu, kama mwamuzi anavyohesabu. Na televisheni yake yeye Mama Birika, mbovu, isiyo na hata waya, kila Ijumaa huonyesha ulingo mtupu.

– Kikulacho ki nguoni mwako, alimalizia.

Fundi alivuta droo ya cherehani, akatoa barakoa. Manyoya yalikuwa yamenyauka, lakini kamba za nyuma, kamba za viatu nyeusi, zilikuwa zimekaza.

Aliwaeleza kwa sauti ileile anayotumia kueleza pindo. Kamba zilikuwa zikifunguka Bundi akikabwa kabari ulingoni, kwa hiyo kila Ijumaa alifunga fundo kichwani mwa kaka yake, kisha akalishonea juu, mishono saba. Barakoa haikuvulika bila mkasi. Siku ile yeye hakutazama pambano. Alikaa chumba cha kubadilishia nguo, mkasi mkononi, akimsubiri. Kesho yake aliikuta barakoa juu ya cherehani.

– Hesabuni, alisema.

Breki alihesabu kwa kidole. Saba. Hakuna uliokatwa.

Mpangaji mpya wa nyumba ya pili, aliyekuwa akisubiri suruali yake, alisogea.

– Samahanini, wakubwa. Mimi mgeni. Alipovuliwa, uso wake ulikuwaje?

Breki alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza kijiweni, alifunga breki. Mama Birika alitazama ndani ya birika. Kinyozi alianza kwa ujasiri, kwani yeye ndiye aliyemnyoa kila wiki. Mkono wake ukapanda hewani, ukafuata taya lisilokuwepo, ukasimama.

– Nilimnyoa, alisema. Nakumbuka wembe.

Fundi alitaka kuwacheka. Akataka kuwaambia juu ya kovu, lipo kovu, kwenye nyusi ya... na alipoitafuta ile nyusi aliona manyoya na matundu mawili aliyoyapinda kwa mkono wake.

Alimkabidhi mgeni suruali yake kabla haijaisha. Akachukua barakoa na mkasi, akaanza kuelekea nyumbani. Mlangoni mama alikuwa amekaa, akisubiri jibu. Fundi alipunguza mwendo. Kabla ya kumjibu ilibidi amwulize mwanawe alikuwa na uso gani, na akihofia kwamba mama naye hakumbuki, akasimama njiani.