Tuta la Mvivu Lisipitwe na Plau

Mheshimiwa Bwana, uliyelinunua shamba hili na kutukuta ndani yake, Mheshimiwa Mchungaji, uliyepanda mteremko huu kutoka Kitale kwa baiskeli, Bwana Nyapara Kipsang, Mwalimu Khaemba, wazee wa kanisa, akina mama wa kambi ya wafanyakazi, ndugu zangu wa bustani na wa zizi la ng'ombe: nawaamkia kila mmoja kwa cheo chake, na ambaye sikumtaja cheo namwamkia kwa jina lake, maana hapa hakuna nisiyemjua jina.

Nimeambiwa kwamba mtu anayeagwa hupaswa kuketi na kusifiwa. Nimezisikia sifa hizo, na nimezipokea. Bwana Nyapara amesema kwamba tangu mwaka wa 1926 sijawahi kuchelewa kazini. Kama angeeleza pia kwamba nyumba yangu inapakana na bustani, sifa hiyo ingepungua kidogo. Lakini mimi niliomba ruhusa ya kusema, na ruhusa hiyo sikuitaka kwa ajili ya shukrani peke yake. Ninalo ombi. Litafika mahali pake. Kwanza yafaa Mheshimiwa Bwana aijue bustani aliyoinunua.

Mimi ni mtu wa Kabuchai, kwenye joto na miwa. Kabla ya kuja huku mlimani sikuwa nimewahi kuona sakitu, yaani umande unaoganda mweupe juu ya majani kabla ya jua kuchomoza. Marehemu Bibi, aliyekuwa mwenye shamba kabla yako, alileta mizizi ya maua kutoka kwao Ulaya, ikiwa imefungwa kwa magunia yaliyoloweshwa maji, akanifundisha kwamba maua yana tabia mbili. Yako yanayouawa na baridi, nayo mizizi yake hung'olewa ikalazwa ghalani mpaka mvua. Na yako yanayoitaka baridi, ambayo pasipo sakitu hutoa majani matupu. Nilimsikiliza kwa adabu, wala sikuamini. Ni kiumbe gani hiki kinachotaka kuonewa ndipo kipendeze?

Mpishi Wahome, ambaye naona ameanza kucheka pale nyuma kwa kuwa anajua namfikia, alikuwa akiniuliza kila nilipopita na toroli ya samadi: "Eliakim, hayo maua yakikomaa tutayala kwa ugali au kwa chai?"

Nikamjibu kwamba yatawekwa mezani yatazamwe.

"Basi samadi hiyo ipe meza," akasema.

Baadaye nilimwoa Nekoye, nikamleta huku. Wengi wenu mlimjua. Mheshimiwa Bwana hukumjua, na hasara hiyo ni yako. Katika msimu wake wa kwanza wa baridi aliingia ghalani kutafuta kuni, akakuta mizizi ya maua yaitwayo dalia, minene, imelala kwenye mchanga mkavu, nayo kwa kweli haina tofauti na viazi vitamu. Niliporudi jioni sufuria ilikuwa motoni. Nilikula. Nasema wazi mbele ya Mchungaji kwamba nilikula na sikutambua ninachokula, mpaka Nekoye aliposema, "Viazi vya Wazungu havina ladha, lakini naona vinashibisha." Kesho yake tulikwenda sote wawili mbele ya Bibi, na Nekoye ndiye aliyesema yote. Bibi akauliza kama tulivitia chumvi. Tangu siku hiyo Nekoye aliruhusiwa kuingia bustanini wakati wowote apendao.

Humo ndani, kati ya maua yote, alilipenda moja. Bibi alikuwa na jina la kwao kwa ua hilo. Nekoye akaliita Mvivu. Linachanua mara moja tu kwa mwaka, mvua za kwanza zinapotulia, ua kubwa kama kichwa cha mtoto, jekundu lililokolea. Kisha baada ya hapo ni majani, na kiangazi kikija na sakitu yake hukauka lote likapotea chini. Ukipita hapo mwezi wa Januari utasema ni udongo mtupu. Nekoye alikuwa akipita hapo akiligombeza: "Wewe, wenzako wako kazini, wewe umejifunika blanketi." Na lilipotoa chipukizi la kwanza alikuja kuniita nikaone, kila mwaka, kana kwamba mwaka uliopita halikutoa.

Nekoye alifariki wakati wa masika, mwaka wa 1941. Sisi watu wa Kabuchai mke huzikwa kwa mumewe, nyuma ya nyumba, watu wake wakikaa na moto pale uani hadi matanga yaishe. Hivyo ndivyo nilivyotaka. Bibi alitoa lori. Lori lilifika Kamukuywa likakuta mto umefurika na daraja liko chini ya maji, na baada ya kungoja kutwa nzima dereva aliniambia kwa upole, "Mzee, turudi." Tulirudi. Bibi akaniambia nichague mahali, nikachagua pale penye tuta la Mvivu, alipokuwa akisimama kugombeza. Ndugu yangu Wepukhulu hajanisamehe. Alisema, "Umemwacha kwa wageni kama mzigo uliosahaulika stesheni." Mpaka leo hunisalimu kama anavyosalimu mpita njia, na ndiye jirani ninayekwenda kukaa naye sasa, kwa sababu sheria haimruhusu mtu asiye na kazi shambani kulala shambani.

Najua kambini mliniona mtu mwenye majivuno, kwa kuwa jioni sikuja kuota moto pamoja nanyi. Hayakuwa majivuno. Kiswahili hiki changu, ambacho vijana huniiga wakidhani sisikii, nilikijifunza peke yangu kwa kuyasoma mabaki ya magazeti yaliyofungiwa mbegu, nikakitumia kwa watu wote. Lugha ya kwetu ilinibakia ya kuzungumza jioni na tuta lile.

Nilijaribu kumfikisha Nekoye nyumbani kwa njia nyingine. Nilikata kipande cha mzizi wa Mvivu, nikakipeleka Kabuchai, nikakipanda nyuma ya nyumba. Kilishika. Kilitoa majani mazuri ya kijani mwaka hadi mwaka, na Wepukhulu akauliza ni mboga gani hii isiyopikika. Ua halikutoka hata moja. Kabuchai hakuna sakitu. Hapo ndipo nilipoyaamini maneno ya Bibi.

Sasa nimefika kwenye ombi, Mheshimiwa Bwana.

Imenifikia habari kwamba bustani hii italimwa, ipandwe pareto hadi kwenye ngazi za nyumba. Sina neno juu ya hilo. Pareto nalo ni ua, linapenda baridi, na lina kazi ya kuua wadudu. Hata Wahome hawezi kuliuliza litaliwa na nini. Waridi ling'olewe, dalia zigawiwe akina mama, mradi wasizipike. Lakini plau huingia Januari, na Januari tuta lile ni udongo mtupu. Msalaba niliouweka ulikuwa wa mti, na mvua za huku mnazijua. Dereva wa trekta atapita pale bila kosa lolote, kwa kuwa hataona kitu.

Mtaniuliza, Eliakim, kwa nini hukuweka hata jiwe miaka yote hiyo? Nimejiuliza pia, nami jibu ninalo. Sikuona haja. Alama ilikuwa mimi. Aliyetaka kujua Nekoye yuko wapi alitazama nilipo jioni.

Alama hiyo inaondoka leo kwa lori la mahindi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wote, plau likifika pale lizunguke. Nafasi yenyewe si kubwa. Ni urefu wa mtu na upana wake. Na wewe Kipkoech, unayeshika kazi yangu, nakukabidhi mundu na toroli mbele ya watu hawa. Majani ya Mvivu yakikauka yakate, usichimbe. Usilimwagilie wakati wa sakitu kwa kulihurumia. Na likitoa chipukizi, mwite mtu yeyote aje aone. Hata kama ni Wahome.

Mheshimiwa Bwana, sikulazimishi kunijibu mbele ya watu. Lori halijajaa bado. Nitakuwa nimesimama pale tutani mpaka dereva apige honi, na ukipenda unaweza kuja hapo, ili walau uwe umepaona.

Mmenipa masikio yenu mchana wa kazi, nami sina cha kuwapa badala yake ila shukrani. Kaeni salama.