Thelathini na Nne ya Fizikia

Nyuma ya msikiti wa mjini Machakos, Othman ana benchi moja refu na dele la kahawa chungu ya tangawizi. Wanaokaa hapo ni wale wale, na kikombe cha mwisho cha dele hakiuzwi: hupewa aliyesema neno la maana siku hiyo. Yuko Nzomo, aliyekuwa askari wa geti la chuo kikuu kimoja Nairobi kwa miaka kumi na moja, na kwa sababu hiyo anaitwa Profesa. Yuko Munyao wa Wamunyu, ambaye huleta vinyago vyake mjini kila Jumamosi, nao humwita Patasi. Jumamosi hii Wathome, fundi viatu, alifika na karatasi iliyokunjwa mara nne. Binti yake, Ndila, yuko kidato cha pili katika shule ya kutwa, na Jumatatu asubuhi lazima arudishe fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu, ikiwa na sahihi ya mzazi. Nafasi moja ilikuwa bado wazi. Ilikuwa Fizikia au Kilimo.

— Andika Kilimo tunywe kahawa, alisema Patasi.

— Ndila anataka kuwa injinia wa maji, akasema Wathome. Tangu ile silanga, bwawa ya udongo ya kwetu, ipasuke maji yote yaende, hasemi kitu ingine. Na mwalimu wa darasa amemwambia bila Fizikia hiyo mlango imefungwa.

— Basi andika Fizikia.

— Amepata thelathini na nne. Kilimo amepata sabini na moja. Hiyo Fizikia ikimvuta chini akose C+, hakuna digrii. Ya maji hakuna, ya kitu yoyote hakuna.

Profesa aliweka kikombe chini.

— Nyinyi hamjui vile hii kitu inaendeshwa. Mimi nilikuwa geti. Niliona wakiingia.

— Uliona miguu, alisema Patasi. Alama ulionea wapi?

— Ngoja nikwambie. Iko kompyuta. Hiyo kompyuta haiangalii mtoto, inaangalia foleni. Hapa Ukambani Kilimo kila mtu anachukua, foleni inafika Katangi. Unataka somo haina watu. Mimi ningeandika Kifaransa.

— Shule yao haina Kifaransa, alisema Wathome.

— Unaona? Ndiyo maana haina watu.

Othman alikohoa kidogo, akaendelea kuosha vikombe.

— Mimi naona achukue Sanaa, alisema Patasi. Likizo iliyopita alikuja kwangu, akashika patasi vizuri kuliko kijana wangu. Mkono kama huo usipotezwe.

— Awe injinia wa kuchonga maji, bwana? aliuliza Othman.

— Maji hufuata mfereji, Othman. Mfereji huchongwa.

— Nyamazeni kidogo, alisema Profesa. Hiyo kompyuta iko na ujanja. Ikiona mtu ametoka Machakos na ameandika Kilimo, inasema huyu ako na shamba, arudi kwa shamba. Nafasi inapatia mtu wa Nairobi hana hata sukuma wiki kwa gunia.

— Basi aseme anatoka Mombasa, alisema Patasi.

— Mombasa watampeleka ubaharia, alisema Othman.

— Na kitu ingine, alisema Profesa. Wale wa uinjinia, wengi walikuwa na miwani. Nilihesabu mwaka mzima. Kompyuta ikiona miwani kwa picha inajua huyu amesoma.

Patasi alimgeukia Wathome.

— Sasa umesikia. Kwanza mnunulie miwani.

Wathome hakucheka. Alikuwa akiilainisha fomu juu ya goti kwa kidole gumba, kama anavyolainisha ngozi ya kiatu.

— Nilimgombeza wiki jana, alisema. Nilimwambia anacheza shule. Nikamwambia mtu wa thelathini na nne asiniambie mambo ya silanga tena. Tangu hiyo siku ananisalimia tu, anaingia ndani.

Pembeni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, Kaluki wa Kathiani, aliyemaliza kuuza parachichi zake na kupita hapo kunywa kahawa kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa ameweka ndoo tupu katikati ya miguu, na muda huo wote alikuwa akiwasikiliza.

— Samahanini, alisema. Huyo mtoto anafundishwa Fizikia na nani?

— Na mwalimu wa Fizikia, alijibu Profesa.

— Anaitwa nani?

Profesa alimtazama Wathome. Wathome alimjua mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu alimtilia soli kila muhula. Alimjua naibu wa mwalimu mkuu. Katika mkutano wa wazazi alipewa ripoti, akatafuta namba iliyo ndogo kuliko zote, na hapo ndipo alipoacha kusoma. Alitoa simu akapiga nyumbani. Othman alizima redio.

— Ndila, ni nani anawafundisha Fizikia?

Aliiweka simu kwenye spika, wote wakasikia.

— Hakuna, baba. Alihamishwa mwezi wa tatu.

— Na mnasoma aje?

— Tuko watano. Wengine wakienda michezo tunabaki darasani. Mmoja anasoma kitabu kwa sauti, mwingine anaandika ubaoni. Ile ya umeme bado hatujaielewa.

— Mbona hukuniambia?

— Uliuliza alama, baba.

Wathome alisema haya, nitakuja mapema leo, akakata simu.

— Thelathini na nne bila mwalimu, alisema Patasi polepole. Mimi nilikuwa na mwalimu, tena mkali, na nilipata kumi na tisa.

Profesa alisogeza kikombe chake, fomu ipate nafasi kwenye benchi.

Wathome aliomba kalamu kwa Othman. Aliandika Fizikia kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akaupuliza wino ukauke.

— Kilimo ilikuwa ya uhakika, alisema Profesa, lakini kwa sauti ya chini.

— Najua.

— Jumatatu mtoto ataipeleka hivyo?

— Tutaenda na yeye. Niko na swali ya mwalimu mkuu.

Alisimama, akaitia fomu mfukoni mwa shati bila kuikunja mara nne tena, kisha akamgeukia Kaluki kama mtu anayemgeukia mama yake.

— Ile kikombe ya mwisho ni yako, mwaitu.

Othman aliinamisha dele. Ilitoka nusu kikombe, nyingi yake tangawizi. Alimpa Kaluki, akaanza kumwaga majivu ya jiko.