Mektilda Mbele, Dastan Nyuma

Baba Paroko, wazee wa ukoo kutoka Lingeka, wakwe zetu wa Mwandoya, majirani wa Bariadi na ninyi nyote mliofunga maduka na kuacha pamba shambani ili mje kulia nasi, tunawasalimu, na kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mama yetu Mektilda Kwandu Mayala, ambayo hayasomeki bila kumtaja kila hatua mumewe, Mzee Dastan Malimi, huyu aliyekaa karibu na jeneza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Mwandoya, Meatu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mayala na Mama Benedikta, wakulima wa pamba na wafugaji, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia mwaka 1965 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1971, na baiskeli aliijulia kwenye Phoenix ya baba yake, ile yenye bomba la kati, akipitisha mguu chini ya bomba kwa kuwa juu hafiki, akaanguka mpaka magoti yakazoea, na mama yake alipomkataza alikuwa anaitikia vizuri kabisa, kisha anaondoka nayo.

Mwaka 1975 alikuja Bariadi kuajiriwa kwenye kinu cha kuchambua pamba cha ushirika, na huko ndiko alikokutana na Dastan, fundi mitambo na mwendesha baiskeli wa timu ya kinu, kijana aliyekuwa akishinda mbio na kutembea kama barabara ni ya babu yake. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 25 Juni 1977 hapa Bariadi, mahari ikiwa ng'ombe waliotolewa na ukoo wa Dastan wa Lingeka, na Mungu akawajalia watoto wanne, Marcelo mwaka 1978, Elina mwaka 1980, Generoza mwaka 1983 na Constantine mwaka 1987.

Soko la pamba lilipofunguliwa mwaka 1994 wanunuzi binafsi walifika na magari yao mpaka milangoni kwa wakulima, ushirika ukayumba, na mwaka uliofuata kinu kikasimama, timu ikafa, Dastan na Mektilda wakarudi nyumbani siku moja wote hawana kazi. Hawakukaa kulia, walipakia mchele kwenye baiskeli mbili wakaupeleka Lamadi, wakarudi na dagaa, na kila safari Dastan alitangulia kumkatia mkewe upepo unaotoka ziwani, naye Mektilda akafuata nyuma ya gurudumu lake, macho hapohapo, kwenda na kurudi.

Basi Agosti 1996 mnunuzi mmoja wa pamba akaandaa mbio za wanawake, Bariadi mpaka Lamadi, zawadi ya kwanza mtamba wa ng'ombe, na Mektilda, mama wa watoto wanne, akajiandikisha, akamkuta mbele yake Mama Esteria, muuza samaki wa Kalemela, mwanamke mwenye miguu ya chuma, akashika gurudumu la Mama Esteria tangu mwanzo, hakuachwa hata mara moja, akafika Lamadi hahemi, na bado akabaki nyuma yake mpaka kwenye utepe. Watu walishika vichwa, jamani, huyu mama mbona ana nguvu na hapiti? Alipewa khanga. Dastan alipomuuliza kwa nini hakupita, alijibu kwamba hakujua kama gurudumu la mbele linapitwa, maana yeye amezoea kulifuata tu, na Mzee Dastan mwenyewe ametuagiza tuseme hapa kwamba siku ile alijisikia vibaya kuliko siku kinu kilipofungwa.

Kuanzia safari iliyofuata aligeuza mpangilio, Mektilda mbele apigwe upepo, Dastan nyuma na mzigo mkubwa, na maneno yakafika Lingeka kwamba mwanaume mzima anafuata mkewe barabarani mchana kweupe. Baba mdogo wa Dastan, Mzee Magese, alisafiri mpaka hapa kumwambia kijana wake kwamba amelishwa limbwata, naye Dastan akamjibu kwa heshima zote kwamba kama ndiyo hilo, mama Marcelo amwongeze sahani nyingine. Mzee Magese yupo hapa, na hajawahi kukanusha.

Mwaka 1997 mambo yalikuwa yamebana kweli, Generoza yuko darasa la saba na anataka sekondari, na wazazi walikuwa wamekubaliana kwa uchungu kwamba wasipopata mnyama wa kuanzia, watarudi Lingeka kuchunga mifugo ya ukoo na masomo ya binti yaishie hapo. Mbio zilirudi Agosti ya mwaka huohuo, Mama Esteria akatangulia tena, na mahali Lamadi inapoanza kuonekana, upepo wa ziwa ukiwapiga usoni, Mektilda alitoka nyuma ya lile gurudumu, akaingia kwenye upepo peke yake, akapita. Oyaa, Lamadi ililia! Mtamba yule alizaa, akazaa tena, Generoza akaanza kidato cha kwanza Januari 1998, na leo ni muuguzi. Marehemu alishinda tena mwaka 1998 na 2000, akastaafu 2003, akawafundisha mabinti wa Bariadi kupita walio mbele yao, na Mama Esteria akawa dada yake hasa, ndiye aliyeleta samaki tunaokula hapa msibani.

Mwanzoni mwa 2013 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa hapa Bariadi na baadaye Mwanza, na alipoishiwa nguvu Dastan alimkalisha kwenye keria, pale nyuma ya baiskeli panapofungwa mizigo, na kuisukuma mpaka hospitali, naye akamgombeza njia nzima kwamba anamweka nyuma kama gunia. Alifariki nyumbani alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2014, mikononi mwa mumewe na Generoza, akiacha mume, watoto wanne na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza waliohangaika naye, majirani mliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzao wa zamani wa kinu mliochimba kaburi, na waendesha baiskeli mliokuja kutoka Busega na Meatu.

Kamati ilipanga mgane atangulie mbele ya jeneza kuelekea kaburini, lakini Mzee Dastan amekataa, atatembea nyuma yake, akisukuma baiskeli ya mkewe, na anaomba mtu yeyote asiingie katikati.

Haya mayu, mama yetu, tangulia, usigeuke, mwenzako yupo nyuma yako palepale. Upepo umekwisha, pumzika kwa amani.