Festus Mulcarra, Ambaye Tawnaglass Ilimwita Ruane

Baba Padri, watoto na wajukuu wa marehemu, ndugu mliotoka mbali, na nyinyi majirani mliojibana viti vya nyuma, marehemu aliyelala mbele yenu anaitwa Festus Mulcarra. Tunatua kidogo mlizoee, maana wengi wenu mmeishi naye miaka arobaini na saba, na jina lake hamjawahi kulisikia ndani ya kanisa hili, ukiacha siku ya ndoa yake, ambayo Padri wa wakati ule alikuwa na mafua na hakusikika.

Jina la Mulcarra halikuota hapa Mayo, magharibi ya Ireland. Kwa jinsi marehemu alivyosimuliwa na baba yake, watu wa jina hilo walikuwa kaskazini, Ulster, na kazi yao ilikuwa kutunza kengele ya mtakatifu, baba akimwachia mwana, hadi askari wa Mwingereza walipokuja, mashamba yakagawiwa wageni, na akina Mulcarra wakaambiwa waelekee magharibi, wakaja kwa miguu na ng'ombe wao, kengele wakaiacha imezikwa mahali ambapo hakuna tena anayepajua. Huku hawakupokewa kwa vigelegele, waliitwa Wakaskazini, na vitukuu wao waliozaliwa hapahapa wakaitwa Wakaskazini vilevile, wakasukumwa kutoka ardhi nzuri hadi ya mawe, kutoka ya mawe hadi ufukweni, na kutoka ufukweni hadi kisiwa cha Inishdarra, ambako mbele yake hakuna tena pa kumsukumia mtu ila Amerika. Mwaka 1847, viazi vilipokuwa vinaoza ardhini na watu wanakufa barabarani, nusu ya ukoo ilisukumwa hata kutoka huko, wakapanda meli ya kwenda Kanada, na kwa wengi wao jina hilo lilizama baharini pamoja na miili yao.

Marehemu alizaliwa Inishdarra tarehe 14 Novemba 1931, mtoto wa tano wa Michael na Catherine Mulcarra, akasoma shule ya kisiwani hadi mwaka 1945, na hapo ndipo lilipoanza lile lililomfuata maisha yake yote, kwa sababu kisiwani kila mtu alikuwa Mulcarra, hata mwenye duka, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kulitaja, yeye aliitwa Festus wa Michael wa Sonny, na jina la ukoo alikuwa nalo kama koti la Jumapili linalolala sandukuni. Mwezi Oktoba mwaka 1958, baada ya majira mawili ya baridi ambayo hakuna boti iliyoweza kuvuka kuleta unga wala daktari, serikali iliwahamisha watu wote wa kisiwa, ikawatawanya bara, nyumba moja huku na nyingine kule, na mama yake akafunga mlango kwa ufunguo ingawa hapakuwa na mtu wa kuingia.

Tarehe 12 Februari 1962, kabla ya Kwaresima, alifunga ndoa na Sabina Ruane wa Tawnaglass, binti mkubwa wa nyumba isiyokuwa na mtoto wa kiume, na kwa kuwa shamba lilikuwa la kwao Sabina, yeye ndiye aliyebeba sanduku lake akahamia kwa mke. Mnakumbuka mlivyompokea. Wanaume waliokuwa wamesimama nje ya baa walitengeneza njia, mmoja akasema, "Mpisheni bibi harusi, msimkanyagie shela," na mwingine akauliza kama mahari yake ilitolewa taslimu au kwa kondoo. Marehemu aliwavulia kofia akapita. Mlangoni alimkuta mama mkwe, Bibi Honor Ruane, Mungu amrehemu na ampunguzie ulimi, ambaye hakumpa hata kiti kabla hajamweleza, "Hapa ni kwa Ruane. Palikuwa kwa Ruane hujazaliwa, na patakuwa kwa Ruane umeshaoza."

Marehemu akajibu, "Sawa, mama."

Alisema sawa mama kwa miaka ishirini na miwili, mpaka bibi yule alipofariki mwaka 1984 hati ya shamba ikiwa chini ya mto wake. Alilima viazi vya Ruane, akafuga ng'ombe wa Ruane, na kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi pamoja na rafiki yake Packie Loftus kule bwawani, wakikata ule udongo mweusi tunaoukausha na kuuwasha kama kuni, na huko msimamizi alimwita Festy tu, na kijiji kizima kikamwita Festy Ruane, kama mtu anavyoitwa kwa nyumba anayotokea. Alibahatika kupata watoto wawili, Anthony mwaka 1963 na Honor Mary mwaka 1965, walioandikishwa shule kama Mulcarra na kupigiwa kelele njiani kama Ruane, nao walipokua waliondoka kama watu wa jina lao walivyozoea, Honor Mary akaenda Coventry, Anthony akaenda Chicago, ambako leo ana kampuni ya kuezeka mapaa na kila gari lake limeandikwa Mulcarra ubavuni kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya barabara, ili wageni kabisa walisome.

Sabina alitutoka tarehe 9 Juni 2003, akazikwa kaburi la kwao, na kwenye jiwe akaandikwa Sabina Ruane tu; alikuwa mke wa mtu kwa miaka arobaini na mmoja, na mume hakutajwa. Marehemu hakugombana. Alimwambia Anthony jambo moja tu, kwamba siku yake ikifika azikwe kando ya Sabina, na aitwe kwa jina lake, hata kama ni siku hiyo moja.

Tarehe 10 Februari mwaka huu wa 2009 alibanwa na kifua akapelekwa hospitali ya mjini. Asubuhi ya kwanza muuguzi aliingia na kikombe akasema, "Bwana Mulcarra, chai yako," naye akageuka kutazama nyuma, akidhani labda baba yake amesimama pale. Shemeji yake Delia, mdogo wake Sabina, anayewasomeeni haya, alipokwenda kumwona alimkuta ameketi amechana nywele. Alisema, "Delia, humu ndani wananiita Mulcarra tangu asubuhi mpaka jioni. Hata kupona nitapona shingo upande, maana sitaki kutoka." Kisha akauliza, "Mbona Packie haji?" Delia akamwambia ng'ombe wa Packie wanazaa, ingawa hakujua kama wanazaa au hawazai, na baada ya hapo Delia naye akalazwa na mafua nyumbani kwake. Marehemu alifariki tarehe 3 Machi, alfajiri, akiwa hajatembelewa na mtu mwingine yeyote wa Tawnaglass.

Kesho yake asubuhi redio ilisoma majina ya waliofariki, saa ile ambayo huku hata birika linanyamazishwa, ikasema Festus Mulcarra, mzaliwa wa Inishdarra, kama Anthony alivyowapa kwa simu kutoka Chicago, kwa fahari, akiamini baba yake sasa ameitwa kwa jina lake. Nanyi mlisikia, mkasema maskini, mtu wa kisiwani, mkaongeza maziwa kwenye chai. Jioni ile, kule mjini mwili ulikolazwa ili watu wamuage, viti vilipangwa ukuta hadi ukuta, na Delia na Honor Mary wakavikalia viwili.

Siku ya Alhamisi mpeleka barua ndiye aliyewafumbua macho kwamba yule wa redioni ni Festy, na Packie Loftus akaja mlangoni kwa Delia kofia mkononi. Delia alikuwa amemwekea maneno makali wiki tatu, akayatoa yote, Packie akayapokea, halafu akasema, "Nilikwenda, Delia. Kila Jumapili nilikwenda. Nikaulizia Festy Ruane, wakatafuta, wakaniambia hawana mtu wa jina hilo. Nikadhani wamemhamisha."

"Na hukujua jina lake, Packie? Miaka thelathini na mmoja mnakula mkate kwenye kopo moja?"

"Hakuniambia," akasema Packie, "na mimi sikumuuliza."

Ikabainika kuwa nusu ya kijiji ilikwenda, na akina Durcan, na mama wa posta na keki yake, wote wakarudishwa mlangoni, na yule waliyemfuata amelala ghorofa ya pili amechana nywele, anatazama mlango.

Leo tunamlaza kando ya Sabina. Martin Ruane, mtoto wa binamu yetu, anayesimamia kaburi lile, amesema jiwe limejaa. Delia alikwenda jana kulitazama, na chini ya jina la Sabina pana nafasi ambayo paka anaweza kujinyoosha. Martin, uko safu ya tatu, tunakuona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, waliomtunza na kumwita ipasavyo, inamshukuru Baba Padri, inawashukuru waliofanya naye kazi bwawani na vijana waliochimba kaburi kwenye mvua, na inawashukuru majirani, ambao walikwenda, hilo tunalisema wazi ili hata yeye alisikie, walikwenda. Chai na mikate ya nyama iko ukumbini. Delia atasimama mlangoni, na mkija kutupa mkono msituambie poleni na msiba, semeni jina lake, lote, na asiyeweza kulitamka atakunywa chai kwake.

Packie, anza wewe.

Lala sasa, Festus Mulcarra. Walikuja kukuona.